Sekunde za Mtakuja

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka watu wakachoka kuizungumzia. Redempta Matimbwa alikaa mbele ya Mizani, viatu vyake vimelowa, akihesabu pumzi za mtu mwingine.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha pale Redio Bonde. Kabla tangazo halijasomwa, sharti aseme litachukua muda gani kusomwa, kisha aweke kidole kwenye kioo kuthibitisha. Mashine ile iliyoitwa Mizani ilimhesabia silabi na nukta. Yaliyobaki aliyajua mwenyewe: kwamba Protas Luambano, msomaji pekee aliyebaki, hukohoa akikutana na sentensi ndefu, kwamba hupunguza mwendo kila afikapo kwenye jina la marehemu, kwamba hataki kuvaa miwani hata akiwa peke yake chumbani, kana kwamba kipaza sauti kina macho.

Mchana huo Mizani ilimwekea hesabu mbili kwenye kioo. Tangazo la Maji likisomwa na Sauti ya Akiba, dakika tisa. Likisomwa na Protas, dakika thelathini na moja.

Hesabu ya tatu ilitoka bwawani, kwa simu.

"Dakika ishirini za kusoma, nikishatoa za kujiandaa," alisema Injinia Shekivuli. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala kwenye kiti kwa wiki nzima. "Ukuta umeanza kutoa jasho, dada Redempta. Nikisema ishirini, usinielewe kwamba kuna mbili tatu nimezificha mfukoni. Zikipita hizo, mji wote chini ya ukuta hauna wa kuuokoa."

"Milango haifunguki?"

"Milango ni mizima. Kitasa ndicho kinachowasubiri nyinyi."

Redempta alijua. Bonde zima lilijua. Ule mwaka wa Maji ya Kimya milango ilifunguliwa bila neno lolote hewani, na maji yakawakuta watu mezani, msibani, wengine kwenye beseni wakiogesha watoto. Baba yake alikuwa mmoja wao. Ndipo waliobaki walipokataa kurudi mashambani mpaka watengenezewe Kitasa: mtambo uliofungwa kwenye milango ya bwawa, wenye sikio na usio na shingo ya kugeuza. Kitasa hakikufungua kwa amri ya injinia wala ya waziri. Kilifungua kikisha kusikia Tangazo la Maji lote, tangu "Ndugu wananchi" hadi neno la mwisho, na kilisikia kwa waya uleule uliopeleka sauti kwa wananchi. Maji yasingepata kujua jambo ambalo watu hawajalijua.

"Tumia Sauti ya Akiba," Shekivuli alisema. "Dakika tisa. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu, ila hawatahama."

"Kwa nini wasihame? Ni sauti ya mzee Protas hiyohiyo."

"Ni ya Protas wa miaka ishirini iliyopita, Injinia. Tunaitumia kwenye mazoezi kila mwezi. Inasoma jina la kitongoji na kupita, haingoji mtu aitikie. Watu wameshajifunza: sauti isiyongoja ni mazoezi. Wakiisikia wanaendelea kupalilia."

 Kwa nyuma alisikia mtu akiita namba fulani, na mwingine akijibu kwa kutukana.

"Mama yako yuko Mtakuja, sivyo?" Shekivuli aliuliza hatimaye, bila ubaya wowote.

"Ndiye mwitikiaji wao. Wakiitwa, yeye ndiye anayejibu."

"Basi unalijua hilo kuliko mimi. Mimi nina ukuta tu. Nipe hesabu nitakayoandika."

Aliomba muda kidogo, akakata simu.

*

Protas alikuwa kwenye chumba cha kusomea, akinywa maji ya tangawizi kwa kijiko kama dawa. Redempta alipomweleza, hakuonyesha mshangao. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kukunjika, na siku hizi habari zote zilimfika zikiwa zimechoka.

"Kata maneno," alisema. "Ile sehemu ya sheria nani anaisikiliza? Vifungu, vifungu vidogo, majina ya wizara. Niachie vitongoji vyangu tisa."

"Nimeshahesabu. Vitongoji peke yake, na kungoja waitikie, ni dakika kumi na tisa. Sheria ndiyo inayokula kumi na mbili."

"Basi kumi na tisa zinatosha. Tatizo liko wapi?"

"Kitasa kinataka na sheria. Kikikosa hata mstari mmoja hakifungui."

Protas aliweka kijiko chini. "Na tukianza na wa karibu? Mtakuja wako kwenye kona ya mto, maji yanawafikia wa kwanza. Kwa nini tuwaite mwisho?"

"Kwa sababu ndiyo zamu yao tangu walipohamia. Ukianza na Mtakuja, Kwa Shungu watasema mzee kalewa, Ndundu watasema ni mazoezi. Kila mwitikiaji anamjua anayemtangulia."

"Kweli." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Tumewafundisha vizuri mno."

Redempta aliangalia ukutani. Pale, juu ya meza ya mitambo, waya uliotoka kwenye kipaza sauti uligawanyika: tawi moja lilipanda kwenye mnara, jingine likashuka kwenda Kitasani. Penye maungio palikuwa na donge la lakiri nyekundu, kubwa kama kiazi, lenye alama tisa za vidole gumba. Kila kitongoji kilileta mtu wake siku Kitasa kilipofungwa, akabonyeza lakiri ikiwa bado moto, akalamba kidole, akaondoka. Alama ya mwisho, ndogo, iliyokaa upande, ilikuwa ya mama yake.

Alijua afanye nini tangu alipokata simu. Alichokuwa akikitafuta ni mtu wa kumkataza.

"Nikitenganisha hizi waya," alisema, "Sauti ya Akiba inaweza kukisomea Kitasa tangazo zima, peke yake, huku wewe unawaita watu hewani bila sheria. Yote mawili kwa wakati mmoja. Yanaingia ndani ya ishirini."

Protas aligeuka, akautazama waya.

"Kitasa kitasikia jingine, na watu jingine."

"Ndiyo."

"Hicho ndicho kitu walichokataa, Redempta. Hicho hasa. Hawakukataa mengine."

"Najua."

"Mimi nilikuwepo walipolibonyeza lile donge. Mama yako alinitukana mbele ya mkuu wa wilaya, akasema sisi Wangoni, watani zake, ndio tutakaokuwa wa kwanza kuliuza." Alivuta karatasi zake, akaanza kung'oa kurasa za sheria moja moja, polepole, akizilaza kifudifudi. "Sikukatazi. Nikikukataza, itabidi nikwambie ufanye nini badala yake, nami sina."

Redempta alichukua koleo. Lakiri ilikuwa ngumu nje na laini ndani, ikavunjika vipande vitatu. Alama ya mama yake ilibaki nzima. Akaitia mfukoni, akaenda kumpigia Shekivuli.

"Kumi na tisa na nusu," alimwambia.

"Umefanyaje?"

"Andika tu, Injinia."

Akaweka kidole kwenye kioo.

*

Sasa kazi ilikuwa moja. Sauti ya Akiba ikishaanza kukisomea Kitasa haiwezi kusimamishwa. Kitasa hakikubali tangazo lililokatika, kingetaka lianze upya, na ukuta haukuwa na nafasi ya kuanza upya. Kwa hiyo aianzishe wakati gani? Mapema mno, milango itafunguka Mtakuja hawajaitwa. Akichelewa, ukuta. Ilimpasa akadirie, si maneno, bali watu tisa ambao hawaoni: nani atakimbilia mlingoti wa kuitikia, wenye kipaza sauti cha kitongoji, nani atatembea, nani atakuwa shambani.

Protas alianza.

"Ndugu zangu wa bonde, ni Protas. Maji yanakuja, na leo si mazoezi. Nawaita kwa zamu kama kawaida. Kwa Shungu, mpo?"

Kimya. Mvua kwenye bati. Kisha sauti ya kijana ikaja kupitia mlingoti wao: "Tupo, mzee. Tunapanda."

"Pandeni salama. Ndundu, mpo?"

Ndundu walikuwepo. Mvumoni waliuliza kama wachukue ng'ombe, Protas akawaambia wafungulie, ng'ombe anajua mlima kuliko diwani. Njiapanda waliitikia watu watatu kwa pamoja wakigombana nani mwitikiaji. Redempta alikuwa amewawekea nusu dakika ya ugomvi; waliutumia wote. Alipumua.

Baada ya kitongoji cha tano alibonyeza kitufe. Kwenye spika ndogo ya chini Protas mwingine akaanza kusoma, kijana, mwenye kifua cha chuma, asiyekohoa: "Ndugu wananchi, kwa mujibu wa Sheria ya Neno la Mwisho, sura ya kwanza, kifungu cha kwanza..." Kule chini ya mlima Kitasa kilikuwa kikisikiliza kwa uaminifu.

Masikio yake yakagawanyika. La kulia lilimfuata mzee akihangaika na watu, la kushoto lilimfuata kijana asiyehangaika na chochote. Kitongoji cha sita, cha saba. Mzee alikohoa mahali ambapo hakumwekea kikohozi. Cha nane mwitikiaji alikuwa mgeni, hakujua la kusema, ikabidi afundishwe hewani. Kijana alikuwa amemaliza sheria na sasa anayataja majina kama anayeteremka ngazi: Kwa Shungu. Ndundu. Mvumoni.

"Mtakuja," mzee aliita. "Mtakuja, mpo?"

Hakuna.

Redempta aliuona muda ukimwagika. Mama yake alikuwa na magoti mabovu, na mlingoti wa Mtakuja uko juu ya kijilima cha udongo unaoteleza. Hilo alilijua. Alimwekea magoti, akamwekea udongo. Akamwekea na kitu kingine, ambacho Mizani isingekihesabu hata ikifundishwa miaka mia.

"Mtakuja," Protas aliita tena.

Kwenye spika ya chini kijana alikuwa amefika kwenye jina la Njiapanda.

Mlingoti ukakwaruza. Pumzi nzito. Kisha mwanamke, bila haraka yoyote duniani:

"We mtani, bado hujafa tu? Mwaka jana si nilikutolea rambirambi? Nirudishie mchele wangu."

Protas alifunga macho. "Nitakurudishia ukinizika, shetani mkubwa wewe. Maji yanakuja, ni ya kweli. Mpo?"

"Kama ni wewe ni ya kweli. Ile mashine yako hainijibu, haina adabu. Tupo. Watu wangu wameshaanza kupanda tangu ulipowaita Ndundu, mimi nimebaki kukutukana. Naondoka."

"Ondoka basi."

"Naondoka. Vaa miwani."

Mlingoti ukakata. Sekunde kadhaa baadaye kijana wa chini alisema neno la mwisho, na taa nyekundu ya Kitasa ikawa kijani. Umbali ule hawakusikia milango. Waliona tu maji ya tangawizi kwenye kikombe cha Protas yakicheza.

*

Mtakuja ilipoteza nyumba zote, mpunga wote, na kanisa dogo la mabati ambalo walikuwa hawajamaliza kuliezeka. Hakupotea mtu. Ukuta ulisimama. Kwa siku kadhaa watu walileta ndizi redioni, wakaziacha mlangoni.

Shekivuli alikuja mwenyewe, akiwa na viatu visafi na macho ya mtu aliyelala kidogo. Protas alimpa kiti. Waliongea habari za mvua, habari za watoto wa Injinia, na jinsi serikali ilivyoahidi mahema. Kisha akatoa karatasi, akaiweka kwenye meza ya Redempta kwa upole.

"Kumbukumbu za Kitasa zinaonyesha kilisikia Sauti ya Akiba," alisema. "Kumbukumbu za hewani zinaonyesha mzee Protas. Sikuja kukushitaki, dada yangu. Nimekuja kushukuru. Nina familia chini ya ule ukuta."

"Asante."

"Sasa ona. Kila wiki tunahitaji kupunguza maji kidogo. Kidogo kabisa, hayafiki hata kingo. Lakini kila tukipunguza, lazima bonde zima liamshwe, watu waache jembe, wapande mlima, washuke wakinilaani. Wamechoka. Nami nimechoka. Kama Kitasa kinaweza kusomewa peke yake..." Aligusa karatasi. "Nahitaji makadirio yako tu."

Redempta aliisoma. Ilikuwa Tangazo la Maji, lililoandikwa vizuri, kila kifungu mahali pake. Chini kulikuwa na mstari wa kujaza, na ulikuwa umeshajazwa. Wasikilizaji: hakuna.

"Na siku hayatakuwa kidogo?" aliuliza.

"Siku hiyo tutawaambia."

"Nani atakulazimisha?"

Injinia hakukasirika. Hilo ndilo lililomchosha Redempta zaidi. Kama angekuwa mtu mbaya, angemfukuza. "Wewe ulipofanya hivyo," alisema, "nani alikulazimisha uwaambie? Uliwaambia kwa sababu ni mtu mwema. Na mimi ni mtu mwema."

"Huenda hata aliyefungua ule mwaka wa Maji ya Kimya alikuwa mwema," Protas alisema kutoka kwenye kona yake. "Hatukupata kumuuliza."

Redempta aliingiza mkono mfukoni. Kipande cha lakiri kilikuwa bado humo, kimeanza kulainika kwa joto la mwili, na alama ya kidole ikiwa imepinda kidogo.

"Makadirio yangu ni dakika thelathini na tano," alisema.

"Kwa maneno haya? Hata mzee hawezi kufika huko."

"Nimeongeza vitongoji. Na nimeongeza maelezo ya jinsi waya zilivyotenganishwa, nani alizitenganisha, na kwamba waje waweke vidole upya kama bado wanataka. Waya nimeziunganisha asubuhi hii. Ukitaka kupunguza maji leo, Injinia, hilo ndilo tangazo lako. Sina jingine."

Shekivuli aliichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili. Alionekana mzee kuliko alivyoingia. "Watakufukuza wao, si mimi," alisema. "Unalijua hilo? Hawatakumbuka kwamba wako hai. Watakumbuka kwamba inawezekana."

"Najua."

"Basi someni. Nitangoja kwenye gari."

*

Protas aliandikiwa yote, naye alisoma yote. Alipofika mahali pa jina la Redempta alipunguza mwendo kama afanyavyo kwa marehemu, na Redempta, aliyekuwa amemwekea sekunde hizo, aliona aibu kwamba alimjua kiasi hicho.

Kwa Shungu waliitikia. Ndundu waliitikia baada ya kuulizana. Mvumoni mtu alisema, "Rudia hapo pa waya," Protas akarudia, kisha ikaja "Tupo" iliyosemwa kama na mtu anayeangalia pembeni. Njiapanda safari hii hakukuwa na ugomvi. Mtu mmoja tu alisema.

Redempta alifuata kwenye kioo, mstari kwa mstari. Protas alikuwa mbele ya hesabu aliyomwekea.

"Mtakuja," Protas aliita. Ulikuwa mlingoti mpya, uliosimikwa kwenye mahema huko juu, na hakukuwa na kijilima cha kupanda. "Mtakuja, mmesikia? Mpo?"

Pumzi ilisikika mara moja. Mama yake Redempta alikuwa amesimama palepale, muda wote, akisikiliza.

Protas aliachia nafasi. Alijua naye, kama Redempta alivyojua, kitu gani huja hapo. Alikuwa hata amevaa miwani.

"Tupo," mama yake alisema.

Mlingoti ukakata.

Kwenye kioo, sekunde alizokuwa amemwekea za kumtukana mtani zilianza kuhesabika, moja baada ya nyingine, bila neno la kuzijaza. Protas alimtazama kupitia dirisha la studio, akingoja aambiwe aendelee. Redempta hakuinua mkono. Aliziacha zipite zote.